Kichwa cha Bi Kimya

Kabla sijaeleza habari za wifi yangu, nimtambulishe Bi Kimya, maana bila yeye leo ningekuwa nasimulia habari nyingine, tena ya kilio. Bi Kimya ni kichwa cha plastiki. Ana shingo fupi, macho ya kuchorwa yaliyofifia, na nywele za kupandikizwa ambazo wanaojifunza kusuka huzifanyia mazoezi kabla hatujawakabidhi vichwa vya watu. Jina alipewa na wateja, kwa sababu anasikia umbea wote wa saluni na hajaupeleka popote. Ningekuwa na marafiki wawili tu wa namna yake, ningekuwa mbali.

Saluni yetu ni chumba kimoja kirefu chenye vioo viwili, viti vitatu, draya inayonguruma kuliko inavyokausha, na baraza mbele. Niliifungua mimi. Kaka yangu, fundi wa magari, alipooa, alimleta mke wake mlangoni akasema, "Dada, huyu hawezi kukaa bure, mfundishe kazi." Nikamtazama yule binti mwembamba nikasema moyoni, haya, nimeshabebeshwa. Mwaka haukuisha, wateja wakawa wanaingia, wananisalimia kwa adabu zote, halafu wananipita kwenda kukaa kwenye kiti chake.

Sababu ni mikono. Mimi nasuka vizuri, sijisifu, lakini navuta. Mtu akitoka kwangu, nyusi zake zimepanda anaonekana kashtuka siku nzima. Wifi anabana vilevile, mistari yake imenyooka na haifumuki upesi, ila kichwa hakijui kama kimeshikwa. Watu wanasinzia kwenye kiti chake. Wakamwita Pamba, na jina likamganda. Mimi nikaapa kwa utani kwamba kichwa changu hatakigusa, mwalimu hasukwi na mwanafunzi. Nikawa nasukwa ng'ambo ya barabara, narudi nimekunja uso kwa maumivu, na yeye ananipokea, "Pole wifi, heshima ina gharama yake."

Mikono hiyo ndiyo iliyoanza kutuambia, ila hatukuielewa lugha yake.

Asubuhi moja alinipa kopo la mafuta ya nywele nimfungulie. Kopo ambalo hata mtoto angelifungua. "Vidole vimelala," akasema, akacheka. Mpaka jua lilipopanda ndipo akaweza kukunja ngumi. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mzima kabisa, anasuka huku anaimba, nikasahau. Halafu ukaja uchovu. Si ule uchovu wetu wa kusimama kutwa. Mtu analala, anaamka kachoka, anakaa kuchana nywele za mteja na kitana kinamdondoka. Mimi, kwa mdomo wangu usio na breki, nikamnong'oneza mteja mmoja kwamba kaka yangu atapata mtoto. Habari ikazunguka mtaa mzima, watu wakaanza kumpa hongera. Maskini, alikuwa anaitikia tu asante, hana nguvu ya kubisha.

Homa nazo zikawa zinakuja na kuondoka. Akatibiwa malaria, zikashuka, zikarudi. Akaambiwa ni uchovu, akaambiwa ni mzio, akapewa hiki na kile. Siwalaumu waliomtibu. Ugonjwa ule haukuja na jina limeandikwa kifuani. Leo unakaa kwenye magoti, kesho uko mdomoni, keshokutwa haupo, na ukiusimulia unaonekana mtu wa kulalamika tu.

Kisha uso. Mashavuni na juu ya pua rangi yake ilikolea, nyekundu iliyoelekea zambarau, imekatiza kutoka shavu hadi shavu, lakini mikunjo ya pembeni mwa pua imebaki safi. Sisi watu wa urembo kila kitu tunakiona ni vipodozi. Mteja mmoja akamwambia, "Pamba, siku hizi unapaka rangi ya mashavu, kuna nini?" Tukacheka wote. Yeye akashika shavu lake akasema, "Linachoma."

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo wasusi tu ndio wangelifanya. Tukasema ni dawa ya kunyoosha nywele. Harufu yake tunaijua, inaingia puani hadi kooni, macho yanatoka machozi. Nani mwingine wa kushitakiwa? Pamba akaamua kuhamishia kiti chake barazani, apate hewa safi na mwanga mzuri. Sote tuliona ni busara. Wateja walipenda mno, wanasukwa huku wanaona nani kapita na nani. Na yeye akaketi pale kutwa, jua linampiga usoni, akisubiri apone.

Hakupona. Nywele zikaanza kumtoka. Nilimwona akikusanya mashungi yake mwenyewe kutoka kwenye kitana, anayafunga kwenye karatasi ili yasionekane. Akaanza kuvaa kilemba. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini msusi aliyefunika kichwa mwezi mzima watu wanamwangalia vingine. Aliniambia, "Wifi, nikikosa vidole nitafanya kazi gani? Sijui kitu kingine." Nikamjibu kwa ukali kwamba asiongee upuuzi, kisha nikaenda nyuma ya pazia nikalia. Nilimpenda muda mrefu bila kumwambia. Sisi mawifi hatuambiani.

Mwishowe tukaelekezwa kwa daktari wa viungo katika hospitali kubwa. Mwanamke mrefu, mpole, nywele kazikata karibu na ngozi kabisa, hata nikasikitika, pale hakuna biashara. Na siku hiyo, kwa ujanja wa ugonjwa, uso wa Pamba ulikuwa safi na vidole vinakunja. Nilikuwa tayari kugombana na atakayesema hana kitu. Daktari hakusema hivyo. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Akamwambia afungue mdomo, akaangaza tochi, akaona vidonda juu kwenye kaakaa ambavyo Pamba mwenyewe hakuvijua kwa sababu havikuuma.

"Nina ninachokishuku," akasema. "Tutapima damu, ila kipimo kimoja hakitoshi kusema yote. Huu unakuja na kuondoka, kwa hiyo nataka kujua unakuja lini na unaondoka lini. Dada, kila siku andika unavyojisikia, uniletee."

Kuandika. Alijaribu, Mungu anajua. Asubuhi, wakati ambao ndio wa maana, kalamu inateleza. Mchana ana mteja. Jioni amechoka na kasahau asubuhi ilikuwaje. Karatasi ya kwanza ililowa maji ya kuoshea nywele, ya pili sijui nani alifungia vitafunio. Nikapandwa na hasira. Nikamchukua Bi Kimya rafuni, nikamtua mezani mbele yake, puu.

"Wewe ni mtu wa vidole," nikamwambia. "Basi sema kwa vidole."

Tukapatana hivi. Kila asubuhi akifika, kabla ya mteja yeyote, anasuka msuko mmoja mwembamba kwenye kichwa cha Bi Kimya, kuanzia utosini kwenda pembeni. Akiwa mzima, anasuka kwa nywele nyeusi peke yake. Uso ukiwaka, anachanganya rasta nyekundu, zile nywele bandia tunazoongezea. Viungo vikiuma, rasta ya dhahabu. Uchovu ule wa kuvunja mgongo, kahawia. Siku ya homa anatia ushanga nchani. Wateja wakadhani ni mtindo mpya. Mmoja akataka asukwe hivyohivyo, nikamwambia hapana mama, huu hauombwi.

Mwanzoni nilidhani rangi ndizo zinazosema. Kumbe na msuko wenyewe ulikuwa unasema, lakini hilo sikuliona mimi.

Siku ya kurudi hospitali nikamtia Bi Kimya kwenye mfuko, nikamfunika kwa kitambaa. Getini mlinzi akataka kuona ndani. Nikamwambia, "Kaka, ni kichwa tu." Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Alipofunua akakutana na yale macho, aliruka nyuma na kofia ikamtoka. Pamba alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu, na nilimshukuru yule mlinzi kimoyomoyo, ingawa yeye hakuwa na furaha nasi.

Daktari hakucheka. Alimweka Bi Kimya mezani, akamgeuza taratibu, tukamweleza rangi. Akagusa mahali misuko myekundu ilipojikusanya.

"Siku hizi mlikuwa mnafanya nini?"

"Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa," Pamba akasema. "Nilisuka watoto barazani kutwa."

"Na hapa, nyeusi tupu?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Tulijifungia ndani."

"Ndani, na ile dawa ya nywele?"

Tukatazamana. Ndani, tena madirisha yamefungwa, harufu ya dawa imejaa, na uso wake ulikuwa safi. "Basi si dawa," nikasema.

"Si dawa. Ni jua," daktari akasema. Na alilisema kwa upole, si kwa kutucheka, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Kisha akaanza kupitisha vidole kwenye misuko, mmoja baada ya mwingine, amefumba macho nusu. Akasimama kwenye mmoja. "Huu mbona umelegea? Na huu?" Pamba akainamisha kichwa. "Asubuhi hizo vidole havikukaza," akasema. "Nilijitahidi." Nilipogusa nikaona ni kweli. Mimi mwalimu wake nilikuwa naangalia rangi tu, wala sikugusa.

Daktari akamwomba avue viatu. Akabonyeza muundi kwa kidole gumba, akatoa, na shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Nikasema upesi, "Hiyo ni miguu ya msusi, daktari, sote tunavimba. Tunasimama kutwa." Naye akauliza, bila kunijibu, "Asubuhi pia, ukiwa umetoka kulala?"

"Asubuhi pia," Pamba akasema. "Na macho yananivimba."

"Mkojo je?"

Akaniangalia mimi, akaangalia sakafu. Nikataka kutoka, daktari akaniashiria nibaki. Sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo. "Una povu. Povu kama la shampuu, halikatiki. Nilidhani ni kwa sababu nakunywa maji kidogo. Niliona aibu kusema. Na hatukuweka rangi yake."

Hatukuweka rangi yake. Neno lile lilinichoma. Mficha maradhi kilio humfichua, na tulikuwa hatua chache tu tufike kwenye kilio.

Alilazwa siku ileile. Wakapima damu tena, na mkojo, wakachukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Kaka yangu alikuja na ovaroli lake la gereji, mikono ina grisi, akakaa kwenye benchi la korido asijue pa kuiweka. "Dada, wanasema nini?" Nikamwambia wanasema figo. Kwa kawaida kaka yangu ana maneno mengi kuliko mimi. Siku hiyo aliifuta tu mikono yake kwenye ovaroli.

Majibu yalipotoka, daktari alitukalisha wote watatu. Ugonjwa unaitwa lupus. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu, akasema, na kwa wifi yangu askari hao wamechanganyikiwa, wanampiga mwenye nyumba. Walianza na viungo na ngozi, sasa wameingia kwenye figo. Jua linawachokoza zaidi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema.

"Ndiyo hiyo," daktari akasema. "Hauambukizi, na hakuna alichokosea. Hatuwezi kuufuta kabisa, lakini tunaweza kuutuliza. Figo zimeguswa, hazijafa. Mngechelewa zaidi, tungekuwa na mazungumzo mengine." Kaka yangu akauliza kama mkewe atasuka tena. Nikamkata jicho, mtu anauliza kusuka wakati tunaongea uhai. Lakini Pamba alimshika mkono wenye grisi akaubana, nikajua ndilo swali alilokuwa nalo hata yeye. Daktari akasema, "Tunapigania yote mawili."

Akapewa vidonge vya kuwatuliza wale askari, na vingine ambavyo ndugu zake ni dawa za zamani za malaria. Vile vya kutuliza vilimvimbisha uso ukawa duara, na njaa aliyokuwa nayo sijapata kuiona kwa mtu. Alikuwa anakula chakula chake, anamalizia changu, kisha ananiuliza kama nimeshiba. Alilia kioo kilipomwonyesha sura mpya. Sisi tunaofanya kazi mbele ya vioo viwili hatuna pa kujificha. Mteja wetu mmoja mzee, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuja na shuka akakifunika kioo cha Pamba, akaketi kwenye kiti chake. "Mimi sihitaji kioo," akamwambia, "nywele zangu unazijua." Akakaa pale kila wiki, hata wiki ambazo Pamba aliweza kumchana tu. Mungu amlipe yule mama.

Kaka yangu akafunga turubai zito barazani, lile la magari ya mizigo, akaning'iniza na pazia pembeni. Kiti cha Pamba kikarudi ndani, mbali na dirisha. Akitoka anavaa kofia pana na mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua, na watoto wa mtaa wakamwita Mke wa Balozi. Alipunga mkono kama mke wa balozi kweli.

Na Bi Kimya aliendelea na kazi. Safari hii mkojo ulipata rangi yake, bluu, na miguu ya asubuhi ikapata ya kijivu. Miezi ilivyokwenda, bluu ikaanza kuchelewa. Mara ikawa moja kati ya nyeusi nyingi. Siku daktari aliposema mkojo ni safi na figo zimetulia, tulimrudisha Bi Kimya nyumbani tumempakata, mfuko tumeukunja. Yule mlinzi alitupisha mbali.

Lakini kichwa cha plastiki nacho kina mwisho. Alifumuliwa na kusukwa mara nyingi mno, nywele zikamng'oka, upara ukaanzia utosini. Jumapili moja, saluni imefungwa, Pamba akamweka rafuni, akapiga kiti chake makofi mawili.

"Bi Kimya kastaafu," akasema. "Lete kichwa chako."

"Kichwa changu? Mwalimu hasukwi na mwanafunzi."

"Wifi, nimechoka kusuka plastiki. Kaa."

Nikakaa. Niwaambie ukweli, nilikuwa nimeandaa neno la kumchokoza, na sikumbuki lilikuwa nini, kwa sababu nilisinzia. Miaka yote ile navuka barabara kwenda kuumizwa, na raha hii iko hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Nilipoamka kichwa kimeisha, nikapitisha vidole mstari kwa mstari kama daktari alivyofanya, na yote ilikuwa imekaza. Nikamwambia, "Nashukuru." Akasema, "Kwa nywele?" Nikasema, "Kwa kuwa upo." Akajifanya anafagia.

Tangu hapo kila Jumapili ananisuka mimi, na kichwa changu ndicho kinachotunza habari zake. Hakina rangi, ila kina ngozi, na ngozi inasikia.

Mwaka huu, Jumapili moja, alikuwa ananisuka huku anapiga soga nyingi kuliko kawaida. Mbele alikwenda vizuri. Alipofika kisogoni nikasikia vidole vinatafuta nywele, vinashika, vinaachia. Mstari ule ukapita bila kukaza. Nikamwacha amalize. Kisha nikamshika kifundo cha mkono.

"Wifi, huku nyuma umelegeza."

"Tangu juzi," akasema. "Nilidhani yatapita. Sikutaka kuwatia hofu."

"Na povu?"

"Kidogo. Leo asubuhi."

Sikumgombeza. Kesho yake mapema tulikuwa kwenye benchi la hospitali. Daktari akapima mkojo, akapima damu, akaongeza dawa, akasema tumewahi, bado ni cheche na haijawa moto. Hatalazwa. Kisha akatazama kando yetu akauliza, "Bi Kimya yuko wapi leo? Mmejuaje mapema hivi?"

Nikavua kitambaa, nikainama mbele yake. Pamba akamwongoza kidole chake mpaka kisogoni. Daktari akaupapasa ule mstari uliolegea tangu juu hadi chini, polepole, kisha akauacha mkono wake juu ya kichwa changu kwa muda.

Tuliporudi wifi alitaka aufumue ausuke upya, anasema ninamharibia jina. Nimemkatalia. Wateja wakiniuliza ni nani kanisuka ovyo vile kisogoni, nawaambia ni Pamba, na kwamba yuko ndani pale, mbali na dirisha, anamaliza kichwa cha mtu.